Rafiki Aliyenibeba Mabibo

Watu wengi waliopotezana hawakugombana. Mmoja alihamishwa kikazi, mwingine akabadilisha laini, misiba na ada za watoto vikaingia katikati, na siku moja unashtuka kwamba mtu uliyelala naye kitanda kimoja hujui hata yuko mkoa gani. Mimi na rafiki yangu wa chuo tulipotezana hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Sasa tumeonana, na kuonana kwenyewe kumenifundisha mambo ambayo sikuyategemea. Mengi yanahusu fedha na aibu kuliko kumbukumbu za ujana.

Nitamwita Mage. Si jina lake. Ameyasoma haya kabla hayajatoka, na sehemu ya madeni alitaka niiache kama ilivyo kwa ajili ya walimu wenzake.

Tuliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, wote ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili. Jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliopata vyumba. Nilikuwa nimetoka Same, na ndugu pekee niliyekuwa naye mjini alikuwa mjomba aliyepanga chumba kimoja Mbagala na mkewe na watoto. Kutoka Mbagala kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi Mlimani ni jambo ambalo aliyewahi kugombania daladala za miaka ile analielewa bila kuelezwa. Jioni moja ya wiki ile ya kwanza Mage alinikuta nimekaa kwenye kimbweta na begi langu miguuni, wenzangu wote wameshaondoka. Kabla ya hapo tulikuwa tumesalimiana tu darasani. Akaniuliza ninalala wapi, nikamwambia. Akasema, "Chukua begi lako twende."

Aliyesoma Mlimani anajua kubebana. Mwenye kitanda anamkaribisha asiye nacho, wanalala mzungu wa nne kwenye godoro la mtu mmoja, na wote wawili wanaishi kwa kusikilizia hatua za msimamizi kwenye korido. Hosteli za Mabibo zilikuwa bado mpya, rangi haijachubuka. Mage aliwaambia wenzake wa chumbani kwamba mimi ni binamu yake. Mgogo wa Mpwapwa na Mpare wa Same! Walijua si kweli, wakanyamaza. Usiku yeye alilala upande wa ukutani na mimi pembeni, kwa sababu msako ukija, wa pembeni ndiye anayewahi kuteleza chini ya kitanda. Alikuwa amelifikiria hilo tangu usiku wa kwanza. Ndivyo alivyo mpaka leo: akiamua kukusaidia, anafikiria mpaka mahali utakapojificha.

Bumu, ile fedha ya kujikimu ya wanachuo, likitoka tulikula chipsi mayai kama watu wenye hela. Likikata, tulitembea kwa miguu kutoka Mabibo hadi darasani na kurudi, na jioni tukagawana sahani moja ya wali maharage. Aliniita "mzigo wangu". "Mzigo wangu, amka, tumechelewa." Mwaka wa pili nilipata chumba changu, lakini jina likabaki.

Darasani alikuwa juu yetu wote. Nakumbuka semina moja ya historia ya uchumi tulipokuwa tukijadili mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ule ulioanza 1947 ukafa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya paundi. Sisi wengine tulisema tuliyoyasoma kwenye vitabu: udongo mgumu, mvua haba, matrekta yaliyokuwa yakiharibika. Mage akasimama akaeleza habari za babu yake, aliyekuwa kibarua wa kung'oa visiki kwenye mashamba yale. Wazee wa Kigogo, alisema, walijua ardhi ile hukauka ikawa kama sakafu, na hakuna aliyewauliza. Kisha akarudi kwenye vitabu vilevile tulivyosoma, akatuonyesha mahali ambapo waandishi wenyewe walikiri hivyo. Mwalimu wa semina aliweka kalamu chini akamsikiliza. Wote tuliamini Mage atabaki chuoni kuwa mhadhiri.

Hakubaki. Tulimaliza mwaka 2005, nchi ikiwa kwenye kishindo cha shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, kila kata ikifyatua matofali, na shule za sekondari zikapanda kutoka 1,745 mwaka 2005 hadi 4,102 mwaka 2009. Madarasa yalikuwepo, walimu hawakuwepo. Mage alipangiwa shule mpya upande wa kwao, akasema ni sawa, mama yake yuko peke yake. Mimi nikaenda mkoa wa Pwani, nikafundisha miaka michache, kisha nikaacha chaki na kuingia kwenye kazi ya kuhariri vitabu vya shule, Dar es Salaam.

Mwanzoni tuliandikiana kupitia masanduku ya posta ya shule zetu. Kisha simu. Namba yake ya kwanza ilianza na 0744, na ile mitandao ilipogeuza namba ikawa 0754, tukavuka salama. Mwaka 2008 alikuja kwenye harusi yangu na ndiye aliyenifunga kilemba siku ya kuagwa. Baada ya hapo simu zikapungua, kama zinavyopungua. Halafu mwaka 2013 nikawa nikipiga naambiwa namba haipatikani. Nikaandika barua shuleni kwake, jibu halikuja. Ulipofika ule usajili wa laini kwa alama za vidole, na laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, nikajiambia basi, hata kama ile namba ilikuwa imelala mahali, sasa imekufa.

Aliyenirudishia Mage ni usahihishaji wa mitihani. Kila mwisho wa mwaka walimu kutoka mikoa yote hukusanywa kwenye vituo kusahihisha mtihani wa kidato cha nne, na watu waliopotezana tangu chuo hukutana hapo, wamekaa meza moja wakipitia majibu ya watoto wa watu. Mwenzetu mmoja wa mwaka wetu alirudi kutoka kituoni Januari 2025, akanipigia: "Unajua niliyekuwa naye paneli moja? Yule binamu yako wa Mabibo." Alikuwa na namba. Alikuwa pia ameomba ruhusa ya Mage kabla ya kunipa, na nilimshukuru sana kwa hilo baadaye, nilipojua yaliyokuwa nyuma yake.

Sikupiga siku ileile. Niliizungukazunguka ile namba jioni nzima, mume wangu akaniuliza kama kuna msiba. Kesho yake mchana nikapiga.

"Haloo."

"Haloo, naongea na Mwalimu Mage?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Ni mzigo wako."

Akanyamaza. Nikasikia mlango unafungwa, kuku, kisha ukimya wa mtu aliyejitenga na wenzake. "Wewe," akasema. "Wewe jamani. Bado una sauti ileile." Hatukuongea la maana. Mama hajambo? Mama alishafariki. Pole. Watoto wangapi? Wawili, na wako? Mmoja. Tukakata kwa kuahidiana, na kila mmoja, kama alivyoniambia baadaye, akakaa chini akalia.

Wiki zile za mwanzo tulipigiana mno. Asubuhi, usiku, picha za watoto, picha za sufuria. Kisha ghafla hatukuwa na la kusema, na nikaogopa kwamba imekwisha, kwamba tulichokuwa nacho kilikuwa hamu tu. Sasa naona ilikuwa lazima. Tulikuwa tukijaribu kujaza miaka kumi kwa simu, na simu haina nafasi hiyo. Mwezi wa nne akasema, "Njoo likizo ya Juni. Njoo ulale kwangu."

Kabla ya kwenda nilizungumza na mama yangu, ambaye maisha yake yote amepokea na kupokewa. Nilimweleza kwamba nasikia hali ya Mage si nzuri sana, nafikiri nimbebee fedha kidogo, nimnunulie hiki na kile. Mama akanisikiliza akasema, "Amekuita mgeni au amekuita mfadhili?" Nikasema mgeni. "Basi nenda na vya mgeni. Akikuonyesha pa kukaa kaa, akikupa cha kula kula, ukishiba sema umeshiba. Mengine atakwambia yeye." Nikabeba sukari, majani ya chai, doti ya kanga, na vitabu vichache vya fasihi kwa ajili ya shule yake, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyo vya kazi yangu. Ule ushauri wa mama ndio uliookoa safari nzima.

Treni ya mwendokasi imefupisha nchi hii kwa namna ambayo sisi tuliozoea basi bado hatujaizoea. Nilipanda Dar es Salaam asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Dodoma. Kutoka hapo nikachukua kosta ya Mpwapwa, tukaiacha barabara kuu pale Mbande, tukapita Kongwa. Niliangalia nje nikitafuta yale mashamba ya karanga ya semina yetu, nikaona mahindi yaliyovunwa, alizeti, ng'ombe na mibuyu. Mbele yetu ikasimama milima ya Kiboriani, na chini yake mji wa Mpwapwa.

Stendi nilimpita. Nasema ukweli wa mambo ulivyo: nilipita mbele ya mwanamke mwenye mvi kwenye kingo za kilemba, amesimama na mwavuli, nikaendelea kumtafuta msichana wa Mabibo. Akaniita kwa lile jina. Tulishikana pale mpaka bodaboda wakaanza kutuzunguka wakidhani tunahitaji usafiri.

Kuna jambo moja kuhusu kuonana tena ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa, na ningependa mtu angeniambia mapema. Hadithi za zamani huisha haraka. Tulizianza njiani, tukaendelea nazo wakati wa chai, na kufikia chakula cha usiku tulikuwa tumemaliza Mabibo yote: msimamizi wa korido, mwenzetu aliyepika kwa hita ya waya mpaka umeme ukakatika, kijana wa sheria aliyemwandikia Mage barua kwa Kiingereza kigumu. Tukacheka sana. Halafu tukabaki tunatazamana, wanawake wawili wa makamo, kila mmoja na maisha ambayo mwenzake hayajui. Mwanawe wa kike akatuangalia, akaenda kulala. Nilikuwa na swali moja tu mdomoni, nalo ni kwa nini alipotea. Sikuliuliza. Mtu uliyempata baada ya miaka kumi, swali hilo ukimtolea usiku wa kwanza linakuwa mashitaka, hata ukilisema kwa upole. Lisipoulizwa hupata njia yake lenyewe.

Asubuhi akaniambia ana kambi ya kidato cha nne, watoto wanabaki shuleni likizo wakijiandaa na mtihani, kama sitajali nimsubiri nyumbani. Nikasema nakuja. Tulitembea njia ya vumbi katikati ya mashamba, na kila tuliyekutana naye alisimama. "Shikamoo madam." "Marahaba, mama hajambo? Mguu umepona?" Kijana mmoja mwenye pikipiki alizima injini kabisa ndipo akamsalimia. Mage akaniambia, "Huyo nilimfundisha, na babake nilimfundisha pia masomo ya jioni ya watu wazima."

Nilikaa dawati la nyuma. Darasa la watoto wengi, madirisha hayana vioo, upepo wa Juni unaingia na vumbi lake. Akaandika ubaoni: Uchumi wa kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nikajua anakoelekea. Akawauliza, "Nani babu yake alifanya kazi Kongwa?" Mikono ikanyooka. Akamwita mmoja, akamwita mwingine, kila mtoto akasema alichosikia nyumbani: babu alikuwa dereva, bibi aliuza togwa kwa vibarua, mzee fulani alirudi na koti la mzungu. Aliyaandika yote upande mmoja wa ubao. Upande wa pili akaandika yaliyomo kwenye kitabu. Kisha akawaambia wapige mstari kuunganisha yanayokubaliana, na wazungushie duara yanayopingana. Saa nzima ikapita mtoto hajapiga miayo. Mwezi uliopita, alisema, aliwapeleka kuona mahali zilipokuwa kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, hapohapo Kongwa, maana historia ya dunia imepita kwao mara mbili na hawatakiwi kuisoma kama habari ya watu wengine.

Kwa miaka yote niliyomfikiria Mage, mahali fulani moyoni nilimhurumia kwamba hakuwa mhadhiri. Pale kwenye dawati la nyuma ile huruma iliondoka, na sidhani itarudi. Kazi yangu ni vitabu vya shule. Nimehudhuria warsha nyingi za ufundishaji kwenye kumbi zenye viyoyozi, na somo zuri kuliko lile sijaliona.

Jioni ya siku ile alipika mlenda. Majani yaliyokaushwa na kutwangwa alikuwa nayo kwenye kopo, akayachemsha, akamimina karanga za kusaga, akakoroga taratibu kwa mwiko akiuinua kila baada ya muda kuangalia jinsi unavyovutika. Ugali ulikuwa wa uwele. Nikala mpaka nikasema nimeshiba, kama mama alivyoniagiza. Tulipomaliza akaingia ndani, akarudi na daftari la shule, lile la kurasa 96, jalada limelainika kwa kushikwa, na ndani yake kadi ya benki. Akaviweka kwenye mkeka katikati yetu.

"Ulitaka kuuliza jana," akasema. "Nikaona umejizuia. Asante."

Mdogo wake alikuwa amechaguliwa chuo mwaka 2012 na akakosa mkopo wa Bodi. Baba yao alishafariki, Mage ndiye mwenye mshahara. Akachukua milioni moja kwa mkopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa kausha damu. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana ilikuwa kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anachukua chake, anamletea Mage kilichobaki. Wakati huo mkononi alikuwa akipata kama laki tano. Laki tatu zilikwenda kwenye riba peke yake, kila mwezi, na ile milioni ikabaki milioni. Kwa laki mbili alipaswa kula, kumlisha mama, na kumtumia mdogo wake nauli. Haikutosha, akakopa kwa mwingine ili ale. Kwenye daftari yote yapo, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: tarehe, jina, kiasi, na pembeni neno "bado", "bado", "bado", kurasa kwa kurasa.

Nilimuuliza jambo ambalo hata mimi, niliyewahi kuwa mtumishi wa umma, sikuwa nimelifikiria: si kuna ile kanuni kwamba makato hayatakiwi kugusa theluthi ya mshahara? "Hiyo inalinda kinachopita kwenye hati ya mshahara," akasema. "Kadi haipiti kwenye hati. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mtu asiyedaiwa." Hilo ndilo shimo lenyewe, na walimu wanatumbukia humo kila mwezi. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 na makato ya mkopo wa elimu ya juu yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15, wengi waliokuwa wakining'inia kwenye ukingo wakaanguka. Yeye alikuwa ameshaanguka.

Mwaka 2013 mkopeshaji wa pili alianza kwenda shuleni. Aliingia chumba cha walimu akakaa kwenye kiti cha Mage, akamsubiri atoke darasani, mbele ya wenzake. Kisha akaanza kupigia watu ambao Mage aliwataja kuwa anawafahamu. Hapo ndipo alipovunja laini.

"Jina lako lilikuwa la kwanza kwenye orodha yangu," akaniambia. "Sikutaka akupigie. Wewe ulikuwa umeolewa, nikasema huyu mtu atampigia mpaka mume wako. Nikaona bora nikupoteze."

Na barua? Ilifika. Aliisoma, akaiweka ndani ya daftari hilohilo. Ilikuwepo.

Deni liliisha mwaka 2019. Ushirika wa akiba na mikopo wa walimu ulikubali kumpa mkopo mmoja wa kulipa wote kwa pamoja, unaokatwa kwenye mshahara kwa riba ya kibinadamu, na mwenyekiti wa ushirika akafuatana naye kwenda kuchukua kadi. Ilikuwa imeshapita muda wake wa matumizi. Ndiyo ile iliyokuwa kwenye mkeka.

"Sasa 2019 si ungepiga?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimechelewa. Kila mwaka ukipita simu inazidi kuwa nzito. Unaanzaje?"

Nikakaa kimya. Halafu akaniuliza, "Na wewe? Umenisikiliza tu tangu jana." Nikamwambia kuhusu mwaka 2016, mimba yangu ya miezi saba, mtoto ambaye hakulia. Nilikuwa sijawahi kulisimulia jambo lile kwa mtu ambaye si wa ukoo. Kwenye ukoo waliniambia ni mipango ya Mungu, nitapata mwingine, nikampata, na ikawa kama yule wa kwanza haruhusiwi kutajwa. Mage hakusema ni mipango ya Mungu. Aliniuliza alikuwa wa kike au wa kiume, na kama alipewa jina. Wa kike. Alipewa. Nikalitaja. Akalirudia kwa sauti mara mbili.

Kisha akasema kwa hasira ya upendo, "Na mimi nilikuwa wapi?" Nikamjibu kwamba nilimtafuta. Wiki ile ya hospitali nilipiga ile namba ya zamani nikijua haitapatikana. Aliinamisha kichwa. Tulikaa hivyo muda mrefu, na hapo nadhani sote wawili tuliona hesabu nzima ya aibu yake. Alijificha ili asiniumize, na kweli yule mkopeshaji hakunipigia kamwe. Lakini usiku ule wa 2016 nilikuwa peke yangu, na mtu mmoja ambaye angejua kunishika alikuwa Mpwapwa akiamini kwamba mimi niko vizuri bila yeye. Watu tunaodaiwa, tuliofilisika, tulioachwa, tunadhani tukijiondoa tunawapunguzia wenzetu mzigo. Hatujui wenzetu watatuhitaji lini.

Nilikuwa na fedha kidogo kwenye simu na mkono uliniwasha kuzituma. Nikauliza tu, "Nikusaidie nini?" Akafikiri kwa makini, kama alivyokuwa akifikiri kwenye semina. "Kaa mpaka Jumapili," akasema. Nilikuwa nimepanga kuondoka kesho yake. Nikapiga nyumbani, nikapiga kazini, nikakaa mpaka Jumapili. Tulibangua karanga, tulikwenda gulioni, tulilala chumba kimoja kila mtu na kitanda chake. Siku nyingine tulikaa saa nzima hatusemi kitu na haikuwa tatizo.

Tangu hapo tunazungumza kila Jumapili baada ya kanisa. Waume zetu bado wanaitana "shemeji" kwa heshima za mbali. Watoto wetu hawana haja kubwa ya kujuana, na tumeacha kuwasukuma. Wenzetu wa mwaka wetu wana kundi la WhatsApp, nikamuuliza kama niwaombe wamwingize, akasema bado. Nimeliacha hapo. Kumpata mtu si kibali cha kumtangaza. Wengine wameniuliza mara kwa mara kama namjua alipo, nami hujibu kwamba yu mzima na anawasalimu, jibu ambalo tulikubaliana yeye na mimi.

Kitu kinachotuunganisha zaidi sasa ni kazi. Shuleni kwake mwalimu mpya akiripoti, Mage humkaribisha chai kabla mshahara wa kwanza haujaingia, anamfundisha kusoma hati ya mshahara, anamwambia asitoe kadi wala namba ya siri kwa mtu yeyote, anampeleka ushirika. Anamweleza kwamba Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, hivyo anayekutajia 30 ameshajitambulisha mwenyewe. Mwezi wa nane aliniambia amechoka kulirudia somo hilo kwa mdomo, akaniuliza kama mhariri anaweza kulifanya kijitabu.

Tumeanza. Yeye anaandika usiku kwenye daftari, ananipigia picha kurasa, mimi nachapa na kupanga. Sura ya kwanza ni ile hesabu ya laki tatu kila mwezi, mstari kwa mstari, na mwisho wa mwaka milioni iko palepale. Nilimshauri tubadilishe kiasi na mwaka ili mtu asimtambue. Amekataa. Anasema walimu wa wilaya yake wanamjua, na hao ndio anaotaka wasome kwanza.